Kiko Kiko Wapi?

Mjomba wangu alikuwa na mzaha mmoja tu, na aliutumia mpaka ukachakaa. Jioni, akishamaliza chai, alikuwa anajipapasa mifuko ya koti, halafu anauliza kwa ile sauti yake ya darasani, "Kiko kiko wapi?" Sisi watoto tunajibu kwa pamoja, "Kiko hakiko!" hata kama tunakiona pale juu ya redio. Basi atatafuta kila mahali ambapo hakipo, chini ya mto, ndani ya kiatu, mpaka tucheke, ndipo akichukue, akijaze, akiwashe. Mkewe, ambaye ukoo mzima humwita Anti, ataamka kimya na kufungua dirisha.

Lile dirisha nilikuwa naliona kila jioni na sikuwahi kujiuliza kwa nini linafunguliwa.

Mjomba tulimzika Nyeri mwezi wa pili. Wiki tatu baadaye nilipanda matatu kwenda kumwona Anti. Tulikunywa chai, tukaongea habari za ng'ombe na za daftari la michango, halafu akaniwekea mezani bahasha ya kaki. Hata kabla ya kuifungua nilijua, kwa harufu.

"Alisema hicho ni chako," akasema. "Mimi ningekitia jikoni kiungue. Lakini si changu, mwanangu. Amua wewe."

Nimeshaamua, na sidhani nyote mtakubaliana na nilichoamua. Lakini ili muone kwa nini haikuwa rahisi, lazima kwanza niwaambie kuhusu ubishi wa kipuuzi ambao mimi na Mjomba tuliuendesha kwa miaka minne: kiko kizuri ni kipi, cha gunzi au cha braia?

Najua wengi wenu hamjawahi kushika kiko. Rika letu lilitoka kwenye sigara likaingia kwenye shisha, shisha ikapigwa marufuku Desemba 2017, likahamia vepu. Kiko tumeachia wazee na sinema. Lakini Kiswahili kinakijua sana. Kwa watu wa Pwani wa zamani, kiko chenyewe kilikuwa kile chombo cha maji. Kichwa kinachobeba tumbaku na moto ni bori, mrija unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini ni digali, na ule unaokwenda mdomoni ni shilamu. Ile sauti ya maji kububujika ikaitwa malio ya kiko. Vya Wazungu havina maji, lakini bori na shilamu vinavyo, kwa hivyo nitayatumia maneno hayo.

Mjomba alivuta cha braia. Neno lenyewe ni la Kifaransa, bruyère, likapita Uingereza likapinda. Ni mti mdogo wa jamii ya Erica, jina lake kamili la kisayansi Erica arborea, unaomea kwenye vilima vikavu vinavyozunguka Bahari ya Kati. Kati ya shina na mizizi huota donge gumu la mbao. Moto wa nyika ukipita na kuteketeza matawi yote, mti huchipua tena kutoka kwenye donge hilo. Ndilo linalochimbwa, likakatwa vipande, likachemshwa kwa masaa mengi ili utomvu utoke, likaachwa likauke kwa miezi. Mbao iliyojifunza kuishi na moto inafanywa nyumba ya moto. Mafundi wa Saint-Claude, mji wa milimani huko Ufaransa, walianza kuichonga viko katikati ya karne ya 19, na kabla ya hapo Ulaya ilivuta sana viko vya udongo.

Mjomba alikuwa mwalimu wa jiografia, na jambo hili alilisimulia kama vile ni siri ya familia, kwa sababu mti huohuo, Erica arborea, unamea pia kwenye milima yetu. Aliwapandisha wanafunzi Mlima Kenya mara nyingi, na walipofika juu ya misitu ya mianzi, pale miti inapofupika na kujaa ndevu za kuvu, alisimama, akatoa kiko mfukoni, akagusisha bori kwenye tawi. "Salimianeni," aliwaambia, "nyinyi ni ndugu." Ile ya kwetu iko ndani ya hifadhi na hakuna anayeichimba, na iendelee hivyo.

Chake alikipata miaka ya sabini kutoka kwa mwalimu Mwingereza aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Nilipokuwa chuo, nikiwa nimesoma vitabu viwili vitatu na kujiona mkombozi, nilimuuliza kama haoni aibu kunyonya shilamu la mkoloni. Akafikiri kidogo. "Waliondoka na vitu vingi, mpwa wangu," akasema. "Hiki kimoja walikisahau. Ulitaka niwatumie kwa posta?"

Changu kilikuwa cha gunzi. Naam, gunzi, lile ulilolitupa baada ya kupukuchua mahindi. Binamu yangu anayeishi Marekani aliniletea likizo moja kama utani, bei yake haifiki ya pizza kubwa. Vinatengenezwa katika mji mdogo unaoitwa Washington, jimbo la Missouri, kando ya mto. Wenyewe husimulia kwamba mwaka 1869 mkulima mmoja alimpelekea fundi seremala mhamiaji kutoka Uholanzi, Henry Tibbe, gunzi alilolichonga kiko, akamwomba amsaidie kulitengeneza vizuri kwa mashine yake. Tibbe akaona biashara. Mwaka 1878 alipata hataza ya njia yake ya kuziba mashimo ya nje ya gunzi kwa plasta. Kampuni aliyoianzisha, Missouri Meerschaum, ipo mpaka leo. Mahindi yake ni ya mbegu maalumu yenye magunzi manene, na magunzi hukaushwa kwa takriban miaka miwili kabla ya kuchongwa.

Bibi yangu alipokishika alicheka hadi akatoa machozi. Kwao gunzi ni la kuwashia moto na kuziba mdomo wa jerikani. "Ati hili limepanda ndege?"

Basi hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Mtu atasema hakuna cha kubishania: kila mtu na ladha yake, mmoja anapenda chapati, mwingine ugali, maisha yanaendelea. Mimi sikubali, na nadhani hata anayesema hivyo huwa haamini. Kama ladha ingekuwa ladha tu, tusingekuwa tunapandisha sauti.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskochi, aliandika insha kuhusu jambo hili mwaka 1757, na humo amechukua kisa kutoka Don Quixote. Watu wawili wanaosifika kwa ulimi mkali wanaonjeshwa divai ya pipa moja. Wa kwanza anasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili anasema ni nzuri, ila anasikia chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipoisha, chini yake kukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Anachotaka kusema Hume ni kwamba ndani ya ladha kuna mambo yanayoweza kupatia au kukosea. Ulimi unaweza kuona kitu ambacho kweli kipo.

Mimi na Mjomba tulifanya hivyo. Jumapili moja tulikaa barazani na tumbaku ileile, viko viwili, tukabadilishana. Mwisho wa siku tulikubaliana mambo haya. Gunzi ni jepesi, na unyevu linaunyonya lenyewe, kwa hivyo moshi wake ni mkavu na mtamu tangu siku ya kwanza, huhitaji kulizoesha. Mwanzoni lina ladha kidogo ya mahindi ya kuchoma, ambayo mimi naipenda na Mjomba alisema inamkumbusha bweni. Braia mpya, kwa upande wake, ni chungu. Unaanza kwa kujaza nusu bori, siku baada ya siku, mpaka ndani kuwe na ukoko, ule weusi mgumu kama wa sufuria ya wali, unaolinda mbao isiungue. Ukoko ukizidi unaukwangua, la sivyo utapanuka kwa joto na kupasua bori. Ukishavuta, unaliacha lipumzike siku nzima likauke. Shilamu huling'oi likiwa moto. Ukifanya haya yote, kiko cha braia kitakuzidi umri. Gunzi, hata ulitunze vipi, siku moja litatoboka chini.

Tukawa tumekubaliana kila kitu kinachoweza kuonjwa, na bado hatukukubaliana kipi ni bora. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa hatubishani kuhusu moshi. Tulikuwa tunabishana kuhusu namna ya kuishi.

Hoja ya Mjomba ilikuwa hivi. Kitu kisichokudai chochote hakikufundishi chochote. Kiko chake kilimfundisha kungoja, kusafisha, kutokuwa na pupa. Alisema mtu hawezi kuamka siku moja na kuwa mwaminifu kwa mke, kwa kazi, kwa nchi. Lazima awe na mahali pa kufanyia mazoezi, na vitu vidogo ndio uwanja. "Nyinyi vijana," alisema (na hapo ningejua hotuba inakuja), "simu ikipata mstari kwenye kioo mnataka nyingine. Mnadhani watu mtawatendea tofauti?"

Hoja yangu niliijenga juu ya Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akawa mwalimu wa falsafa. Anasimulia kwamba alikuwa na taa ya chuma nyumbani. Usiku mmoja akasikia kelele, akashuka, akakuta imeibiwa. Akajiambia: kesho nitanunua ya udongo, mtu hupoteza kile alichonacho tu. Mimi nilisema kiko cha gunzi ndiyo ile taa ya udongo. Naweza kukiazimisha, kukisahau kwenye gari, kukidondosha, nisipoteze usingizi. Cha Mjomba kilimfanya arudi Karatina kutoka Nairobi siku moja kwa sababu alikiacha hotelini. Nani alikuwa anamiliki nani?

Alicheka sana nilipomwambia hivyo. Halafu akaniuliza swali ambalo bado linaniwasha: "Wewe umehama nyumba mara ngapi tangu umalize chuo?"

Mara sita. Kayole, Umoja, South B, Umoja tena, Rongai, Zimmerman. Kila nilipohama niliacha kitu: kitanda, kabati, rafiki. Nikajenga falsafa nzuri kuhusu kutong'ang'ania vitu. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa na uwezo wa kuvishikilia. Mnajua kisa cha sungura na ndizi zilizokuwa juu sana: sizitaki mbichi hizi. Kuna uhuru wa mtu aliyeachilia, na kuna uhuru wa mtu ambaye hakuwahi kupewa, na kwa nje vinafanana kabisa. Nadhani rika letu linahitaji kulisema hili kwa sauti. Tunauziwa maisha ya begi moja na nyumba tupu yenye ukuta mweupe kana kwamba ni hekima, kumbe mara nyingi ni kodi ya nyumba tu inayozungumza.

Kuna jambo lingine baya zaidi. Hata taa ya udongo haikubaki taa ya udongo. Lucian, mwandishi aliyekuja baadaye, anacheka mtu mmoja aliyeinunua taa hiyo ya Epictetus kwa drakma 3000, akitumaini labda akisomea kwenye mwanga wake atapata hekima ya mwenyewe. Kitu cha bei rahisi kikawa pambo la tajiri. Na kiko cha gunzi nacho kimepitia njia hiyohiyo. Kilikuwa cha wakulima wa Missouri, halafu kikaingia mdomoni mwa Jenerali Douglas MacArthur, aliyejichagulia kikubwa chenye bori refu mpaka kikawa kama sehemu ya sare yake. Agosti 1945 alishuka kwenye ndege Atsugi, Japani, kupokea nchi iliyoshindwa, kiko cha gunzi mdomoni, kamera zikimngoja. Jenerali mwenye kiko cha mkulima hajawa mkulima. Amevaa ukulima.

Na mimi je? Pale Nairobi, kiko changu cha gunzi kilikuwa kitu adimu kuliko braia yoyote. Watu waliniuliza nimekitoa wapi. Nilifurahia kuulizwa. Unyenyekevu wangu ulikuwa umeagizwa kutoka ng'ambo.

Nilimwambia Mjomba haya yote siku moja, nikidhani nimekiri kushindwa. Akasema hapana, kila mtu anavaa kitu, hata yeye alipenda wazazi wa wanafunzi wamwone na kiko. "Swali si kama unavaa," akasema. "Swali ni kama nguo imekukaa." Tukaishia hapo. Ilikuwa Desemba, na alikuwa anavutia upande mmoja wa mdomo. Nilidhani ni jino.

Halikuwa jino. Kilikuwa kidonda kando ya ulimi ambacho alikuwa nacho kwa miezi na hakumwambia mtu. Wavuta viko wengi hawavuti moshi hadi mapafuni, na kwa hiyo hujiona wako salama kuliko wavuta sigara. Lakini moshi unakaa mdomoni, na mdomo ndio unaolipa: midomo, ulimi, koo. Mjomba alilijua hilo. Alikuwa mtu wa kusoma. Alilijua kama mwalimu wa jiografia anavyojua volkano ya nchi nyingine.

Sitaandika kuhusu hospitali. Nitasema tu kwamba mwisho hakuweza kuongea, na mtu aliyeishi kwa kuongea alibaki na daftari la mistari na kalamu. Mara yangu ya mwisho kumwona alilivuta daftari akaandika kwa herufi kubwa, kama anavyoandika ubaoni: KIKO NI CHAKO. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaongeza: KIVUTE. USIKIWEKE KABATINI.

Haya ndiyo yaliyokuwa ndani ya bahasha ya kaki. Kulikuwa na kiko, na pia kulikuwa na amri ya mtu aliyekufa, na mbele yangu ameketi mwanamke aliyetaka kitu hicho kiungue.

Nilijaribu kumweleza Anti. Nikaanza kuzungumza kuhusu ukoko na mapumziko na jinsi Mjomba alivyokitunza, jinsi tulivyobishana, jinsi alivyoamini kitu kinaweza kumfundisha mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira, "Miaka yote hiyo nyinyi wawili mlikuwa mnabishana kuhusu sahani. Hakuna hata siku moja niliyowasikia mkiuliza kimepakuliwa nini."

Nimelibeba neno hilo kwa miezi sasa, na nimejaribu kuliepuka kwa kila njia ninayoijua. Siwezi.

Kwa sababu ni kweli kwamba Mjomba hakuwahi kusema "navuta tumbaku." Alisema "natunza kiko." Maneno yake yote yalikuwa ya fundi: mbao, subira, usafi. Ukisikiliza vizuri utaona watu hufanya hivi kila mahali. Mlevi mwenye pesa hazungumzii pombe, anazungumzia pipa la mwaloni na miaka kumi na miwili. Anayependa bunduki anakwambia kuhusu uzani na chuma. Anayevuta vepu anajua ladha zote za embe. Ustadi wa kweli, ujuzi wa kweli, lakini unafanya kazi nyingine pembeni: unasafisha. Unachukua kitu ambacho ungekionea aibu ukikitaja kwa jina, unakivisha mapenzi ya vyombo, na ghafla wewe si mraibu, wewe ni mjuzi. Sisemi kila kupenda vitu ni uongo. Nasema tu kwamba urembo wa chombo ni mahali pazuri sana pa kujificha.

Na kama Mjomba alijificha, mimi nilijificha zaidi. Niliporudi Nairobi niliyapanga viko vyangu juu ya meza. Vilikuwa vitano. Vinne vimetoboka chini, kimoja bado kizima. Nilikuwa na falsafa ya kutong'ang'ania, na ilifanya kazi: kila gunzi lilipokufa sikulia, niliagiza lingine. Nilikuwa huru kabisa dhidi ya kiko. Tumbaku sikuiacha hata wiki moja. Ule urahisi wa kukitupa chombo ulinifanya niamini kwamba kilichomo nacho naweza kukitupa wakati wowote. Mjomba angalau alijua amefungwa, na alijua na nini. Mimi nilikuwa mfungwa anayebadilisha pingu kila mwaka na kuita hilo uhuru.

Kwa hiyo nakubali shtaka la Anti. Lakini kuna sehemu moja ambayo sikubaliani naye. Anti anasema sahani si kitu. Shilamu la kile kiko lina alama za meno ya Mjomba, mbili juu, moja chini, zilizochimbika kwa miaka arobaini. Bori limeng'aa upande mmoja tu, pale kidole gumba kilipokaa. Hakuna picha yake inayomfanana hivyo. Kitu kinaweza kuwa mshirika wa kosa na bado kikawa shahidi wa maisha. Ukikichoma kwa sababu ya la kwanza, unapoteza la pili, na hakuna anayeweza kukuchongea tena.

Ilibaki ile amri. KIVUTE. Ningeweza kujitoa kwa ujanja. Ningeweza kusema alimaanisha nimkumbuke, kwamba "kuvuta" ni fumbo, kwamba katika hali ile hakuwa na akili timamu. Watu hufanya hivyo sana na maneno ya marehemu: tunayapinda mpaka yaseme tunachotaka, halafu tunajipongeza kwa utiifu. Lakini akili zake zilikuwa timamu na herufi zilikuwa kubwa. Alimaanisha nitie tumbaku, niwashe, nivute. Nadhani kumheshimu mtu ni pamoja na kukubali kwamba alisema alichosema. Kwa hiyo simpindishi Mjomba. Namkatalia. Nimemkatalia mambo mengi barazani akiwa hai, na hakuwahi kuniona mkosefu wa adabu. Sijui kwa nini kifo kingebadilisha hilo.

Nilirudi Nyeri mwezi wa tano na ile bahasha. Nilimwambia Anti kwamba sitakivuta, na kwamba kukichoma sitakichoma, lakini yeye akitaka kukichoma sitamzuia. Mimi nilikuwa na madai ya mpwa aliyekaa barazani Jumapili. Yeye alikaa na moshi ule miaka thelathini na minane, na alifungua dirisha kila jioni, na ndiye aliyeosha kile kidonda. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuamua kuhusu kitu hicho, si mimi, na wala si marehemu.

Akakitoa kwenye bahasha. Sikuwahi kumwona akikishika. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye zile alama za meno, halafu akakileta puani akavuta harufu mara moja, fupi. Nikaangalia nje.

"Jiko litangoja," akasema, akaenda akakiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo.

Kabla sijaondoka nilimpa kile kiko changu cha gunzi kilichobaki kizima. Alijua bila kuambiwa. Alikitia chini ya sufuria ya chai pamoja na magunzi mengine, yale ya shambani. Plasta na vanishi vikatoa moshi mbaya sana, tukakohoa wote wawili, na mimi ndiye niliyeamka kwenda kufungua dirisha.

Hiyo ni wiki ya kumi na moja sasa. Sitangazi ushindi, kuna siku za mvua, baada ya chakula, ambapo mkono wangu unakwenda wenyewe mfukoni. Lakini kuhusu ule ubishi wetu wa zamani, nimebadili upande. Ulikuwa sahihi, Mjomba. Kitu cha kudumu kinafundisha zaidi. Hiki chako kimenifundisha bila kuwashwa hata mara moja.